Kisonono na Jeni za Kuokota

Mtu akimaliza dozi ya kisonono na usaha ukaendelea kutoka, utasikia watu wakisema mwili wake umezoea dawa. Mwili hauhusiki. Walio sugu ni bakteria, na wala hawakujifunza chochote.

Tuanze na ukuta. Bakteria wa kisonono, Neisseria gonorrhoeae, ana ukuta ambao lazima uendelee kujengwa kila anapokua na kujigawa. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya. Penisilini hunasa palepale kimeng'enya kinaposhikia malighafi, kikashindwa kuendelea. Ukuta hudhoofika, bakteria akapasuka. Seftriaksoni, sindano inayotegemewa leo, huua kwa njia hiyohiyo.

Bakteria wanapozaana kwa mamilioni, wachache hupata kosa la kunakili jeni, na kimeng'enya chao kikawa na umbo tofauti kidogo. Dawa haikinasi vizuri. Wenzao wakifa, wao ndio wanaobaki na kujaza nafasi.

Ingekuwa ni hayo tu, usugu ungekwenda polepole. Lakini bakteria wa kisonono huokota jeni. Bakteria mwingine akifa, vipande vya DNA yake humwagika, naye huvivuta ndani na kuviunganisha na vyake, hasa vikiwa na alama fupi ya herufi 10 inayotambulisha ukoo wa Neisseria. Ukoo huo hukutana kooni. Humo wanaishi Neisseria wasio na madhara, wakaazi wa kudumu, waliopitia kila antibiotiki tuliyomeza kwa ajili ya jino, kidonda, hata mafua ambayo dawa hiyo haiyatibu kabisa. Kisonono cha kooni kwa kawaida hakina dalili, na dawa hukitibu kwa shida kuliko cha sehemu za siri.

Mwaka 2009, huko Kyoto, Japani, sampuli ya kooni ilitoa aina iliyopewa jina H041, ya kwanza kuonyesha usugu mkubwa dhidi ya seftriaksoni. Jeni ya kimeng'enya chake ilikuwa na viraka kutoka kwa ndugu zake hao.

Maabarani, usugu huonekana kwa macho: bakteria huoteshwa kwenye sahani, kikawekwa kikaratasi chenye dawa. Dawa ikifanya kazi, duara tupu hubaki kukizunguka. Bakteria sugu huota hadi ukingoni mwa kikaratasi. Zahanati zetu nyingi hutibu kwa kufuata dalili bila kuotesha chochote, na koo lisilouma halichukuliwi sampuli.