Kufundisha Matumizi ya Tokeni katika Kuingia Hifadhidata za Wingu

Mada hii huwatatiza wanafunzi wa kompyuta kwa sababu mambo mawili huchanganywa: ruhusa ya kuingia na ruhusa ya kuendelea kukaa ndani. Shabaha ya somo iwe kuyatenganisha.

Tuanze na lijulikanalo. Wanafunzi wa Tanzania wamelizoea neno tokeni katika umeme wa LUKU. Mwalimu aonyeshe tofauti mapema: tarakimu 20 za LUKU hubeba umeme ulionunuliwa, lakini tokeni ya hifadhidata haibebi mali yoyote. Hubeba ushahidi wa nani anayebisha hodi.

Mfano wetu ni huduma ya RDS ya Amazon, iliyoanza kuikubali njia hii mwaka 2017. Hatua ziandikwe ubaoni:

(a) Programu hutumia ufunguo wake wa siri kutia saini ombi lenye anwani ya seva, jina la mtumiaji na wakati. Ombi hilo lenye saini ndilo tokeni. Ufunguo wenyewe hausafirishwi.

(b) Tokeni hutumwa mahali pa nywila, kwa njia iliyosimbwa ili asiyehusika asiisome.

(c) Saini na ruhusa za mtumiaji huhakikiwa. Zikiwa sawa, muunganisho hufunguliwa.

Tokeni hiyo hudumu dakika 15. Hapa mwalimu aulize: programu iliyounganishwa saa 4.00 kwa tokeni mpya, je, itakatwa saa 4.15? Jibu ni hapana. Tokeni hukaguliwa wakati wa kuunganisha tu. Lakini muunganisho ukikatika baadaye, programu haina budi kuunda tokeni mpya.

Faida yake sasa yaonekana. Nywila iliyoandikwa ndani ya programu hupita mikono mingi, na aliyeiokota huweza kuitumia mpaka ibadilishwe. Tokeni iliyokwisha muda haimfungulii mtu mlango. Hata hivyo, tusiwafundishe wanafunzi kubweteka: mwizi aliyewahi kuingia hatolewi na kwisha kwa dakika 15, bali msimamizi lazima aukate muunganisho wake. Tena, aliyeiba ufunguo wa siri aweza kujiundia tokeni nyingine.

Zoezi: Wanafunzi waeleze msimamizi afanye nini iwapo kimeibiwa (1) tokeni ya jana, (2) tokeni ya dakika mbili zilizopita, (3) ufunguo wa siri. Anayetoa jibu moja kwa hali zote tatu arudishwe kwenye hatua za ubaoni.