Saumu Isiyo na Futari: Kumkinga Kijana na Mahubiri ya Mwisho wa Dunia

Januari 2024, mhubiri Paul Mackenzie na wenzake walipandishwa kizimbani katika Mahakama ya Watoto ya Tononoka, hapa hapa kisiwani Mombasa, wakashtakiwa kwa kuwatesa watoto na kuwakosesha masomo. Mashtaka ya kuua bila kukusudia yalisomwa katika mahakama nyingine ya Mombasa, ya ugaidi yakaenda Shanzu, na ya mauaji ya watoto 191 yakafikishwa Mahakama Kuu ya Malindi. Waliyakana yote. Kutoka Tononoka hadi Mji wa Kale ni mwendo wa miguu tu, na bado wazazi wengi wa Kibokoni na Ndia Kuu wanaizungumzia Shakahola, msitu walikofia wafuasi wake, kama habari ya wenyewe: ya msituni, ya Kilifi, ya kanisa fulani. Mimi siamini hivyo. Njia iliyowafikisha watu kule haikuanzia msituni, ilianzia sebuleni, na sebule za aina hiyo tunazo kila mtaa.

Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi Shakahola, bara ya Malindi, na hesabu ikapita miili 400. Uchunguzi ulioongozwa na mwanapatholojia mkuu wa serikali, Dkt. Johansen Oduor, ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa. Baadhi, wakiwemo watoto, walikuwa na dalili za kukabwa koo, kuzibwa pumzi au kupigwa. Waliojitoa mapema walieleza kuwa kulikuwa na zamu ya kufa, na waliotangulizwa ni watoto.

Hakuna aliyeingia kwa kuambiwa afe njaa. Kanisa la Mackenzie, Good News International, lilianzishwa mwaka 2003, na kwa miaka mingi lilikuwa na ibada zake Malindi na mahubiri yaliyorushwa kwenye televisheni. Kisha mafundisho yakabadilika kidogo kidogo: shule ni ya shetani, hakuna haja ya hospitali, nambari za serikali ni alama ya mnyama. Mwaka 2019 mhubiri akatangaza kwamba anafunga kanisa, na wafuasi wakauza mali, wakaacha kazi, wakamfuata msituni. Kila hatua ilikuwa ndogo, na kila moja ilivaa sura ya ucha Mungu. Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, ilikuwa hivyo hivyo. Wafuasi wa Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, viongozi wa kundi la kidini la huko, walitoa mali yao wakingoja dunia iishe mwaka 2000 ukiingia. Mwaka ukaingia, dunia ikabaki. Tarehe 17 Machi 2000 mamia wakateketea ndani ya kanisa, na baadaye maiti nyingine zikafukuliwa katika nyumba za viongozi.

Kwa hivyo anayetaka kumkinga mwanawe aangalie hatua, asingoje msitu.

Tuanze na saumu, kwa sababu hapo ndipo mzazi wa Pwani hudanganyika kwa urahisi. Kwetu kijana anayefunga ni fahari ya nyumba. Lakini saumu tunayoijua ina mwisho wake. Jua likizama tunafungua kwa tende na maji, na mgonjwa, msafiri na mtoto ambaye hajabaleghe wana ruhusa. Wakristo wanaofunga nao huwa na muda uliowekwa, na hakuna mchungaji mwema anayemzuia mwenye kisukari asile. Ukiona kijana anafunga pasipo kujua atafungua lini, au amekatazwa hata maji, au anasema aliyemfundisha ndiye atakayempa ruhusa ya kula, hiyo ni saumu isiyo na futari. Siku hiyo hiyo uliza ni nani aliyemfundisha.

Dalili nyingine huja pamoja. Anaacha shule au madrasa aliyokuwa akiipenda, bila sababu inayoeleweka. Anakataa dawa alizozitumia tangu utotoni, za pumu au za kifafa. Anagawa vitu vyake: simu, viatu vya mpira, nguo za Idi au za Krismasi. Anataja tarehe. Anawaambia ndugu zake kwamba wao wamepotea, na anasema hivyo kwa huzuni badala ya hasira, kama anayeaga. Dalili moja peke yake huenda ikawa ujana tu, lakini tatu kwa pamoja si za kungojewa.

Ukishaziona, utaongea naye vipi? Mzazi hukimbilia kubishana kwa aya, na hapo hushindwa, maana kijana ameandaliwa jibu la kila aya na ameshaambiwa kwamba watu wa nyumbani watampinga. Ubishi wako unamthibitishia kwamba mwalimu wake alisema kweli. Afadhali mazungumzo yaende hivi:

"Mwanangu, siku hizi huli nasi."

"Nafunga, mama."

"Mungu akukubalie. Utafungua saa ngapi, nikuwekee mahamri?"

Swali kama hilo halimtukani wala halimvunjii imani, ila linamlazimu atafute jibu ambalo hana. Endelea na mambo ya kushikika: anakutana nao wapi, nauli anatoa nani, kuna mtu wa umri wake aliyeondoka kwenye kundi na sasa yuko wapi. Sikiliza kuliko unavyosema. Na simu usimnyang'anye kabla ya kujua anayeongea naye, kwani utakuwa umekata uzi pekee wa kumfuatia.

Kwa vijana ambao bado hawajaguswa, naona njia bora ni hadithi ya kubuni. Kijana ukimpa onyo, anaitikia "ndiyo, mwalimu" na moyo uko kwingine. Mpe mhusika wa rika lake, atamtetea au atamgombeza kana kwamba anamjua. Tuseme ni msichana wa miaka 16 wa Majengo aliyefiwa na baba. Kundi la WhatsApp linamfariji, na mwalimu wa kundi anamjibu hata saa sita za usiku. Wiki chache baadaye anaombwa asiwaonyeshe ujumbe wale ambao "macho yao hayajafunguka". Anaacha kumtembelea shoga yake wa tangu chekechea. Anaongeza siku za kufunga. Halafu inaingia nauli kwa M-Pesa, apande basi la Malindi pale Abdel Nasser, na asiage.

Simama kila hatua, uliza: ungekuwa wewe ndiye shoga yake, hapa ungefanya nini? Waache wabishane. Wengine watasema mambo yaliharibika kwenye nauli, wengine kwenye ile siri ya ujumbe. Ubishi huo ndio somo, na mtu mzima anayesikiliza atajifunza mengi kuhusu simu za watoto wake. Maalimu wa madrasa anaweza kuifanya kazi hii, mwalimu wa Sunday school vilevile, na vijana wanaokutana kituo cha Swahilipot jirani na Fort Jesus wanaweza kuiigiza. Nasisitiza jambo moja: msichana asife mwishoni. Huenda kati ya wasikilizaji yumo mmoja aliyeko hatua ya tatu, na anachohitaji kusikia ni kwamba mlango wa kurudi haujafungwa na nyumbani hatachekwa.

Mpaka hapa nimezungumza na mzazi. Lakini wengi wa watoto wa Shakahola walipelekwa na wazazi wao wenyewe. Mtoto kama huyo hana wa kumtegemea ila shangazi, nyanya, jirani au mwalimu wa darasa. Ukisikia familia imeuza nyumba ghafla na inahama bila kusema inakokwenda, au kiti cha mwanafunzi kimekaa kitupu bila barua ya uhamisho, usijiambie kuwa ni mambo ya watu ya ndani. Katiba inalinda uhuru wa kuabudu katika kifungu cha 32, na kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, lishe, matibabu na kinga dhidi ya ukatili. Imani ya mzazi haimwondolei mtoto haki hizo.

Piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto, mchana au usiku. Nenda kwa chifu au kwa afisa wa watoto. Katika kituo cha polisi hakikisha taarifa imeandikwa na umepewa nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, na anayekwambia urudi baada ya saa 24 mwambie hakuna sheria inayodai hivyo. Beba picha ya karibuni, nambari za simu, jina la kundi na la anayeliongoza. Haki Africa, iliyo na makao Mombasa, ilisaidia familia za Shakahola, nayo hupokea malalamiko ya wananchi. Usichelewe ukidhani mambo haya yalikwisha. Mwaka 2025 makaburi mengine yalifukuliwa Kwa Binzaro, katika eneo la Chakama, ilimo Shakahola.

Akipatikana akiwa amekaa na njaa siku nyingi, usimwandalie sahani ya pilau kwa furaha. Mwili uliokauka ukipewa chakula kingi ghafla, chumvichumvi za damu huvurugika na moyo unaweza kusimama. Mpe maji kidogo kidogo, na mfikishe hospitali, kama vile Hospitali Kuu ya Pwani, alishwe chini ya uangalizi wa daktari. Huenda akakataa kula. Juni 2023 watu 65 waliookolewa Shakahola walishtakiwa Shanzu kwa kujaribu kujiua baada ya kususia chakula, kwa sababu mwili ulikuwa umetoka msituni na fikra bado zimo. Mtu wa hali hiyo anahitaji mshauri nasaha. Shirika la Msalaba Mwekundu hutoa huduma hiyo bure kwa simu 1199.

Shuleni arudi kimya kimya. Mwombe mwalimu mkuu asimwite mbele ya wanafunzi kutoa ushuhuda, picha yake isisambazwe kwenye makundi ya mtaa, na mwalimu mmoja anayemwamini apewe jukumu la kumwangalia anapokula saa za mapumziko.