Kiungulia Baada ya Matibabu ya Akalasia

Akalasia ni ugonjwa wa umio ambapo msuli wa mwisho wa umio, ulio mlangoni mwa tumbo, hushindwa kulegea mtu anapomeza. Ugali, na baadaye hata maji, hukwama kifuani. Mgonjwa hucheua na kukonda. Mwaka 2008 daktari Mjapani Haruhiro Inoue alianza kuukata msuli huo kwa endoskopia inayopitishwa mdomoni, bila kupasua tumbo. Njia hiyo huitwa POEM.

Mlango uliofunguliwa hupitisha chakula, lakini pia huruhusu asidi kupanda. Katika utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2019, miaka miwili baada ya tiba, vidonda vya asidi kwenye umio vilionekana kwa asilimia 44 ya waliofanyiwa POEM, na asilimia 29 ya waliopasuliwa kwa matundu madogo tumboni na kuwekewa kizuizi cha asidi.

Wengi wa wagonjwa hao hawahisi kiungulia. Hivyo, mgonjwa aliyerudi Sumbawanga, Laela au Namanyere asiache dawa wala kukosa miadi ya endoskopia kwa sababu tu anakula vizuri. Umio unaounguzwa kwa muda mrefu huweza kuwa mwembamba, na kumeza kukawa kugumu tena.

Tiba ya kwanza ni omeprazoli, nusu saa kabla ya mlo. Mgonjwa ale saa tatu kabla ya kulala, na miguu ya kitanda upande wa kichwa iinuliwe sentimita 15 hadi 20, matofali yanatosha.

Dawa zikishindwa, mtaalamu huweza kukunja sehemu ya juu ya tumbo kuuzunguka mwisho wa umio na kuibana kwa ndani, kwa endoskopia. Kabla ya hapo sharti apime kama umio unamwaga chakula ipasavyo, kwani chakula kilichochacha ndani ya umio nacho huleta kiungulia. Kuubana mlango ambao bado haujafunguka ni kuurudisha ugonjwa.

Mhudumu wa zahanati amwulize kila mgonjwa wa kiungulia swali moja: "Je, chakula kinakwama?" Akijibu ndiyo, apewe rufaa. Anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami apelekwe hospitali siku hiyohiyo.