Shingo ya Daktari Nayo Huuma

Siku utakapolazwa mezani kutolewa kifuko cha nyongo, je, utajiuliza daktari wako amesimama vipi? Afadhali ujiulize. Mkono uliochoka hutetemeka, na mkono huo umeshika kifaa kilichomo tumboni mwako.

Katika upasuaji wa matundu madogo, daktari hatazami tumbo bali skrini. Ikiwekwa juu mno, atainua kidevu muda wote wa kazi. Ikiwekwa kando, shingo itajisokota. Mahali pake hasa ni mbele yake, chini kidogo ya usawa wa macho. Meza nayo hushushwa kuliko katika upasuaji wa kawaida, kwa sababu vifaa ni virefu na viwiko havifai kuinuliwa. Hapo ndipo penye shida: meza ni moja, madaktari hawalingani kimo. Aliye mfupi hupaswa kupanda kibao, lakini wapo wanaoona haya kukiomba. Haya hiyo hulipwa na mgongo.

Skrini hiyohiyo ndiyo iliyowezesha daktari kusaidiwa na mwenzake aliye mbali. Mnamo Septemba 7, 2001, Profesa Jacques Marescaux akiwa New York aliiongoza roboti iliyomtoa kifuko cha nyongo mama wa miaka 68 huko Strasbourg, Ufaransa. Hapa kwetu kuulizana kutoka mbali si jambo geni. Madaktari wa ndege wa AMREF, shirika lililoanza 1957, walitumia redio kuwashauri wahudumu wa mashambani. Chuo cha madaktari wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, nacho hufunza pia kwa mtandao.

Sasa mfikirie tabibu wa Bahati, au mwanafunzi wa udaktari wa Egerton mjini Nakuru, anayefuata somo kwenye simu. Ameinama kama anayechambua mchele. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi, na kadiri kinavyoinama ndivyo shingo inavyoelemewa.

Ikiwa ndiwe, egemeza simu juu ya vitabu hadi ikaribie usawa wa macho. Kila nusu saa simama, nyosha shingo na uzungushe mabega kwa dakika moja. Wapo madaktari wanaofanya hivyo katikati ya upasuaji, glavu zikiwa mikononi. Lakini maumivu yakiteremka mkononi, au vidole vikifa ganzi, usijikande kwa mafuta ukangoja. Nenda hospitali ukapimwe.