Fundi wa Motokaa na Masomo ya Shuleni



Mzazi mmoja alinijia akasema, "Mchungaji, kijana wangu amechoka na daftari. Nataka aache shule nimpeleke gereji. Huko hakuna hesabu." Najua wako wengi wenye mawazo hayo. Basi mwezi huu na tuitazame kazi yenyewe, hapa Morogoro chini ya milima ya Uluguru.

Malori hushuka kutoka Mgeta yamejaa kabichi, karoti na njegere. Njia ina mteremko mkali na kona nyingi. Uhai wa waliomo u mikononi mwa dereva. Lakini kabla yake ulikuwa mikononi mwa fundi.

1. Hesabu. Gari likienda mwendo wa kilometa 40 kwa saa badala ya 20, breki hazipati kazi mara mbili tu, bali mara nne, maana 2 mara 2 ni 4. Tena, nati za magurudumu zina kipimo chake. Kwa magari mengi madogo ni karibu Nyutoni-mita 100, yaani kama uzito wa kilo 20 uliotundikwa mwisho wa mpini wa nusu mita. Ikilegea, gurudumu litachomoka. Ikikazwa kupita kiasi, skrubu itakatika.

2. Elimu ya asili. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo. Breki zikipata moto mteremkoni, maji yale hutokota yakawa mvuke. Mafuta hayashindiliki, lakini mvuke hushindilika. Kwa hiyo dereva hukanyaga, na pedali huzama bure. Ndiyo sababu fundi mwenye akili huyabadili mafuta hayo kwa wakati wake.

Na rejeta je? Usawa wa bahari maji hutokota kwa digrii 100. Penye mita 1,500 ni karibu digrii 95 tu. Kifuniko cha rejeta huyabana maji, yasitokote hata yakipita digrii 100. Mtu akikifungua kungali na moto, maji hugeuka mvuke mara moja na kumwunguza uso. Asiyejua sababu ataonywa leo, na kesho atasahau.

3. Kusoma. Kitabu cha gari chaweza kuagiza nafasi ya vali iwe milimita 0.25. Nukta ile ni ndogo kuliko chembe ya mchanga. Lakini asiyeijua maana yake ataiharibu injini ya mwenziwe, kisha atamdai na malipo.

Vyuo vya VETA, mamlaka iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha hesabu na sayansi pamoja na kazi ya mikono. Kimoja kipo Kihonda, hapa Morogoro.

Mzee yule nilimjibu hivi: "Ufundi ni kazi ya heshima, mpeleke. Lakini kwanza amalize shule. Na akienda gereji, aende na daftari lake."

Maswali kwa walimu na wazazi:
1. Kwa nini mvuke huiondoa nguvu ya breki?
2. Mpini ukiwa robo mita, uzito wa kilo ngapi utatosha kukaza nati ile?
3. Fundi asiyepima, akisema "yatosha", amdanganya nani?