Somo la Mikono: Kutunga Mkufu wa Shanga Nyumbani



Akina mama kadhaa wa mtaa wetu hapa Litembo wametuomba tuandike somo la kutunga mkufu wa shanga, ule mwepesi ambao mtu anaweza kuumaliza jioni moja karibu na moto baada ya kutoka kwenye ngoro au kwenye kahawa. Tumekubali kwa furaha. Lakini kwanza hatuna budi kuungama jambo, kwa maana somo hili limetokana na aibu yetu wenyewe.

Kulikuwa na Kipaimara. Sisi tunaofundisha kazi za mikono tulikuwa tumewatungia wasichana mikufu ya shanga nyeupe na za bluu, wote wafanane. Ilipendeza sana. Basi, msichana wa tatu alipopiga magoti mbele ya Baba Askofu, uzi ukakatika. Shanga zikamwagika juu ya sakafu ya saruji, zikakimbia mpaka chini ya viti vya wazee, na watoto wadogo wakaanza kutambaa kuziokota huku wimbo ukiendelea. Msichana yule alilia, wala hatukuwa na la kumwambia. Uzi ulikuwa wa pamba, mkukuu, uliokaa kabatini miaka mingi, nasi hatukuujaribu. Wiki ile tuliikusanya mikufu yote, tukaifumua, tukaitunga upya. Yafuatayo ndiyo tuliyojifunza.

Tuanze na uzi, maana mkufu ni uzi. Shanga zinapanda tu juu yake. Shika uzi kwa mikono miwili uuvute kwa nguvu mara tatu, mahali mbalimbali. Ukikatika, usiutumie hata kama ni mzuri kwa macho. Uzi wa nailoni wa mafundi viatu unafaa sana. Ndugu zetu wa kule chini ziwani, Liuli na Mbamba Bay, hupenda kutumia mshipi mwembamba wa kuvulia samaki, nao hauozi kwa jasho. Ila mshipi ni mtelezi, na fundo lake hufunguka usipolifunga mara mbili au tatu. Kama unao uzi wa pamba tu, utumie ukiwa mpya, uukunje mara mbili, kisha uupitishe juu ya kipande cha nta ya nyuki mara kadhaa mpaka uwe laini na kunata kidogo. Nta huzuia uzi usisagwe na kingo za shanga. Mwenzetu mmoja aliuliza kama mshumaa nao unafaa. Unafaa, ingawa si kama nta ya nyuki. Lakini mishumaa ya altare iacheni mahali pake!

Sasa shanga. Sokoni Mbinga au Songea utakuta za kioo na za plastiki. Za kioo ni nzito mkononi, nazo zina ubaridi ukiziweka shavuni. Za plastiki ni nyepesi. Si vibaya kutumia plastiki, ila ujue unachonunua. Tena jaribu rangi: chukua shanga chache, uzilaze usiku kucha katika maji ya sabuni, asubuhi uzifute kwa kitambaa cheupe. Zikiacha rangi, zitaacha rangi na kwenye kola ya gauni. Angalia pia matundu. Shanga ambayo tundu lake lina ukingo mkali hukata uzi pole pole kama msumeno, nawe hutajua mpaka siku ya sherehe.

Ukiwa huna fedha, Mungu ametupa mbegu. Kando ya mito huota nyasi ndefu yenye mbegu ngumu za kijivu zinazong'aa, ambazo zina tundu lao la asili toka juu hadi chini. Zichume zikiwa zimekomaa na kukauka, uondoe kijiti kilichomo kwa sindano, na shanga iko tayari. Za kijani hujikunja zikikauka, ziache.

Lakini hapa twaomba msome kwa makini. Kuna mbegu nyingine nzuri mno, nyekundu, yenye doa jeusi upande mmoja. Ni turituri, mbegu za mturituri. Watoto wanazipenda, na katika nchi nyingi watu wamezitunga mikufu. Sisi twasema, msizitumie kabisa. Ndani ya mbegu hiyo mna sumu kali sana, na mbegu moja iliyotafunwa yaweza kumwua mtoto. Ganda lake ni gumu, kwa hiyo mbegu nzima iliyomezwa mara nyingine hupita bila kudhuru; bali ile iliyotobolewa kwa sindano ili itungwe, mlango wa sumu umekwisha kufunguliwa. Ndiyo kusema kwamba mbegu ya mkufu ni ya hatari kuliko ile iliyo mtini. Kama unao mkufu wa namna hiyo nyumbani, usiutie kwenye sanduku la michezo ya watoto. Uchimbie shimo lenye kina. Na mtoto akitafuna hata moja, usingoje aumwe tumbo. Mkimbize hospitali mara moja, na mbegu iliyobaki uichukue ili mganga aione.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Tandika kipande cha blanketi ndani ya sinia au ungo, umwage shanga juu yake. Juu ya meza tupu zitabingirika. Juu ya blanketi zitatulia, na ncha ya sindano itazidaka kwa urahisi. Sindano iwe nyembamba ipite tunduni pamoja na uzi. Kama huna, chovya ncha ya uzi katika nta iliyoyeyuka, uisokote kwa vidole, uiache ipoe: itakuwa ngumu kama sindano.

Kabla ya kutunga, piga hesabu. Panga shanga zako kwenye uzi kando ya rula, uone ngapi zinaingia katika sentimita 10. Zetu zilikuwa 40. Zako zaweza kuwa 30 au 70, hesabu itabadilika, njia ni ile ile.

Anayeanza na atunge mkufu mrefu unaopita kichwani bila kufunguliwa. Kichwa cha mtu mzima kina mzunguko wa sentimita 55 hadi 60 hivi, basi tutunge sentimita 65. Kwa shanga zetu hizo ni shanga 260. Kata uzi wa mita 2, upitishe katika sindano, uukunje uwe mara mbili, yaani mita 1. Karibu na mwisho, ukiacha kama sentimita 15, funga shanga moja ya rangi tofauti kwa fundo jepesi. Huyo ni mlinzi tu. Anazuia wenzake wasidondoke, na mwishoni tutamwondoa. Kisha tunga hivi: 5 nyeupe, 1 nyekundu, 3 za bluu, 1 nyekundu. Hizo ni 10. Rudia mafungu hayo mara 26.

Hapo ndipo tulipokosea mara ya kwanza. Tuliona mtungo wetu unaanza na nyeupe na kumalizika na nyekundu, tukadhani haukukamilika, tukaongeza nyeupe 5. Tulipoziunganisha ncha mbili, nyeupe 5 za mwisho zikakutana na 5 za mwanzo, zikawa 10 mfululizo, mkufu ukaonekana kama mtu aliyeng'oka meno. Katika mkufu wa duara usiongeze kitu. Nyekundu ya mwisho inaikuta nyeupe ya kwanza kama ipasavyo.

Sasa mwondoe mlinzi. Usivute uzi mpaka shanga zibanane, maana mkufu utasimama kama waya wa ndoo. Acha nafasi ya shanga moja, halafu funga: ncha ya kulia juu ya ya kushoto, kaza, ya kushoto juu ya ya kulia, kaza. Ukifunga kulia mara mbili, fundo litateleza. Rudia tena kwa nailoni. Kisha usikate! Ndilo kosa la wengi. Pitisha kila ncha kurudi ndani ya shanga 6, funga fundo dogo katikati ya shanga mbili, pitisha 6 nyingine, ndipo ukate. Hata fundo la kwanza likilegea, mengine yanashika. Ikiwa matundu ni membamba na uzi hauwezi kurudi, ujue umechagua uzi mnene mno.

Utundike kwenye msumari usiku mmoja, uzi unyooke. Asubuhi uvute kidogo. Afadhali ukatike nyumbani kuliko kanisani.

Mkufu mfupi wa kukaa shingoni ni hivyo hivyo, ila unahitaji kifungo, na hapa hesabu inageuka. Tunga mafungu 18, kisha sasa ongeza zile nyeupe 5, ili pande zote mbili zianze na nyeupe. Jumla ni 185, sentimita 46 na kidogo. Uzi ukiwa umekunjwa uwe na sentimita 80. Upande mmoja funga kifungo cha shati kuukuu; upande wa pili tunga kitanzi cha shanga. Kwa kifungo chenye upana wa milimita 12, shanga 12 hadi 15 kama zetu zinatosha. Jaribu kwanza kukipitisha kifungo kabla ya kufunga fundo. Kikipita kwa shida kidogo, ni vizuri.

Mtoto mchanga asivikwe mkufu alalapo, na shanga zisiachwe sakafuni mahali mtoto anapotambaa. Zinaingia puani na kooni. Tumekwisha kuiona safari ya usiku kwenda hospitali kwa ajili ya ushanga mmoja puani.

Wengine wametuuliza kama shanga si mambo ya kizamani yasiyompasa Mkristo, hasa wakikumbuka shanga za kiunoni za bibi zetu ambazo walimu wa zamani walizikemea. Sisi hatuoni ubaya katika ushanga. Ukimvika mtoto ushanga mmoja mweusi ili kuzuia jicho baya, hilo ni neno lingine, umwulize padre.

Kinachotusikitisha zaidi ni historia yake. Shanga za kioo nyingi zilizofika ziwa Nyasa zamani hazikutengenezwa huku. Zilifanywa Venice na Bohemia, nyingine Bara Hindi, zikaja na jahazi mpaka pwani, kisha zikabebwa mabegani kwa misafara toka Kilwa hadi ziwani. Kila nchi ilikuwa na rangi yake inayopendwa, na msafiri aliyeleta rangi isiyotakiwa aliweza kulala njaa na mizigo yake imejaa. Burton, aliyepita njia ya Tanganyika mwaka 1857 hadi 1859, aliandika majina mengi ya shanga, na nyekundu ziliitwa samisami. Kwa shanga na nguo walinunua pembe za ndovu. Na walinunua watu. Hao ndio waliopelekwa Kilwa na Zanzibar, mpaka soko la watumwa la Zanzibar lilipofungwa mwaka 1873. Mahali lilipokuwa soko lile ndipo lilipojengwa Kanisa Kuu la Kristo.

Kwa sababu hiyo twawaomba msizitupe shanga za bibi zenu. Ziko nyumba zenye mtungo wa zamani ndani ya kibuyu au kopo, uzi umeoza, shanga zimetawanyika. Hupita watu wanaonunua vitu vya kale, nao hutoa fedha kidogo. Mwenzetu mmoja aliuza kopo zima alipokuwa na shida ya ada ya shule. Hatumlaumu, ila hakuuliza hata mama yake kwanza, na mama yake alikuwa hai kuweza kumwambia zilitoka wapi. Zichukue, zioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo bila kuzisugua kwa mchanga, zikauke kivulini, uzitunge upya kwa uzi mzuri na fundo kati ya kila shanga na mwenzake, ili uzi ukikatika ipotee moja tu. Wakati wa kutunga, mkae na bibi, mwulize. Andika anayoyasema.

Kwa wasio na shanga wala mbegu, akina mama wa Uganda wametuonyesha njia ya karatasi. Kata karatasi ya gazeti la rangi iwe pembetatu ndefu, upana wa sentimita 2 upande mmoja na ncha kali upande wa pili, urefu wa sentimita 30. Anzia upande mpana, uisokote kwenye kijiti cha njiti ya kiberiti, paka gundi mwishoni, chomoa kijiti, kisha paka vanishi mara mbili. Katika Kampala wengi wanasomesha watoto kwa kazi hiyo. Gazeti hili msilikate kabla jirani hajalisoma.

Mwenye shanga aje nazo Alhamisi baada ya sala ya jioni, chumba cha nyuma ya kanisa. Sindano tunazo. Uzi kila mtu alete wake, nasi tutauvuta mara tatu mlangoni.