Rangi ya akriliki kwa kazi zetu za mikono: tuchague ipi?

Siku ya wazazi inakaribia. Munajua kwamba vibuyu, mikebe na magari ya waya tunayopamba vitauzwa siku ile, na feza itasaidia wenzetu wa darasa la mwisho ambao wazazi wao hawajapata namna ya kulipa mtihani wa Taifa. Njo maana rangi si jambo dogo. Mama akinunua kibuyu leo, kesho akakipangusa na kitambaa chenye maji na rangi yote ikatoka, mwaka ujao hatanunua tena, na jirani yake vilevile. Wengi wametuuliza: tununue rangi gani?

Sokoni tuko na aina tatu: guashi, rangi ya mafuta na akriliki. Guashi ni unga wa rangi uliochanganywa na gundi ambayo maji yanaiyeyusha. Kwa karatasi ni nzuri, kwa kibuyu hapana. Rangi ya mafuta inashika sana, lakini inakawia kukauka, inataka petroli au dawa nyingine kwa kusafisha burashi, na zingine ziko na risasi ndani yake, ile wanayoita plomb kwa Kifaransa. Gari la waya mtoto mdogo atalitia kinywani. Basi musipake ile.

Inabaki akriliki. Ndani yake kuko unga wa rangi, maji, na vitone vidogo sana vya kitu kama plastiki. Maji yakienda hewani, vitone vinashikana na kuwa ngozi moja juu ya kitu. Kisha hapo maji hayawezi kuiyeyusha tena. Juu ya sababu hiyo, burashi iliyoachwa bila kuoshwa, hata saa moja tu wakati huu wa jua kali, imekufa. Tena musizidishe maji ndani ya rangi: plastiki inakuwa haba, na rangi inageuka kama chaki. Wanaosema akriliki ni mchezo wa watoto, waangalie picha za Chéri Samba wa Kinshasa: nyingi amezifanya kwa akriliki.

Shida ni kwamba chupa ya guashi na ya akriliki zinafanana. Tumeona guashi ikiuzwa kwa jina la akriliki, na muuzaji pengine mwenyewe hakujua. Kwa hiyo mununue kwanza chupa moja, ile ndogo. Pakeni kidogo juu ya kipande cha ubao, kiache mpaka kesho, kisha kisugue na kitambaa chenye maji. Kitambaa kikichukua rangi nyingi, musirudi kununua ya pili. Jaribio lingine: chora mstari mweusi na kalamu juu ya karatasi, upake rangi juu yake mara moja. Mstari ukionekana wazi, rangi ile haifuniki. Pengine ni tabia yake tu, pengine unga ni kidogo na wamejaza chaki. Rangi ya bei ndogo inayotaka kupakwa mara nne ni ghali kupita ile ya bei kubwa inayotaka mara moja.

Someni pia karatasi ya chupa. Rangi nzuri zinaandika alama ya unga wake: PW6 ni nyeupe ya titani, inafunika vizuri, PR101 ni nyekundu ya kutu ya chuma, karibu na udongo wetu, inafunika na haipauki kwa jua, PB15 ni bluu yenye nguvu sana, tone moja linageuza nyeupe nyingi, lakini peke yake unaona kinachokuwa chini. Hapa Katanga inafaa tujue kwamba ndani ya bluu ile kuko shaba. Na bluu ya kobalti, PB28, ambayo Mfaransa Thénard aliigundua mwaka 1802, iko na kobalti kweli, sawa ile inayotoka katika mawe ya Kolwezi. Ni ghali. Ukiona “imit.” pembeni ya jina kobalti, ni bluu nyingine inayoiga, kwa kazi yetu inatosha kabisa. Rangi zenye neno “cadmium”, ziacheni: unga wake ni sumu, na wadogo wetu wanapenda kulamba burashi.

(Mmoja aliuliza kama tunaweza kusaga malakite tupate kijani. Wamisri wa zamani walifanya hivyo. Lakini vumbi lake ni baya kwa mapafu, na kijani tunakipata kwa kuchanganya bluu na manjano.)

Musinunue kikasha chenye rangi ishirini na nne. Nyeupe chupa kubwa, kisha manjano, nyekundu, bluu na nyeusi, basi. Kwa rangi ya dhahabu, chupa moja kwa shule nzima.

Hata akriliki nzuri itabanduka kama chini hapakutayarishwa. Ngozi ya kibuyu inateleza: ikwaruzeni na msasa mpaka isiangaze, pangusa vumbi, kausha. Mkebe, osha mafuta kwa sabuni, piga msasa, kisha upake kwanza rangi ya kuzuia kutu, maana maji ya akriliki yanaamsha kutu kwenye chuma kitupu. Musipake akriliki juu ya rangi ya mafuta ya zamani inayong’aa, haishiki. Kibuyu cha kunywea kipakwe inje tu, na ukingo ubaki mtupu vidole viwili, pale midomo inapogusa.

Msasa uko kwa mwalimu wa kazi za mikono. Juma mosi kisha masomo tutaweka ubao wa kujaribia chini ya mwembe. Kila darasa lilete chupa yake moja, na matokeo tutayasoma juma tatu asubuhi, mbele ya kununua zingine.